Oksijeni Iliyobaki

Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi mwishoni mwa 2024, malori yalitoka machimbo ya Kwale, kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa, yakaenda gati la Likoni na shehena ya mchanga. Haukuwa mchanga wa kujengea. Mkono uliozoea mchanga wa pwani ungeshtuka kuuchota, kwa kuwa ndoo moja ya ilmeniti hukaribia uzito wa ndoo mbili za mchanga wa kawaida. Ilmeniti ni nyeusi ti. Rutili, mwenzake, ina rangi ya damu ya mzee. Katika mazungumzo ya watu shehena hiyo iliitwa titani tu, na jina hilo, hata kwa rutili, lilikuwa na ukweli wa sita kwa kumi: katika kilo 100 za rutili safi, kilo 60 ni titani, na kilo 40 zilizobaki ni oksijeni.

Kilichopakiwa melini pale Likoni, basi, kilikuwa metali iliyokumbatiwa na oksijeni. Sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani haiachanishwi kamwe na kumbatio hilo. Zaidi ya tisa kwa kumi ya madini ya titani huishia kuwa unga mweupe wa kutiwa katika rangi za ukuta, karatasi, plastiki na dawa ya meno, na unga huo ni titani na oksijeni vilevile, ila umesafishwa. Ni kiasi kidogo tu kinachoendelea na safari hadi kuwa metali. Safari hiyo ni ndefu na ya gharama kubwa, na lengo lake kuu ni kuitoa oksijeni. Lakini oksijeni haitoki yote. Ile inayobaki, sehemu moja au mbili au nne katika elfu, ndiyo inayoamua metali itakuwa na nguvu kiasi gani, itapindika kiasi gani, na itavunjika lini.

Kasisi William Gregor wa Cornwall, Uingereza, aliuchunguza mchanga mweusi wa kijito cha Manaccan mwaka 1791 akatambua kwamba mna kitu kisichojulikana ndani yake. Miaka minne baadaye Martin Heinrich Klaproth, mkemia wa Berlin, alikikuta kitu hichohicho ndani ya rutili, akakipa jina la Matitani, majitu ya hadithi za Wayunani. Wote wawili walikuwa wameshika oksidi. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona metali yenyewe, na dunia ikangoja hadi 1910, ndipo Matthew Hunter wa Taasisi ya Rensselaer huko Troy, New York, alipofungia kloridi ya titani na sodiamu ndani ya chombo cha feleji, akakipasha moto, akapata titani yenye usafi wa asilimia 99.9. Miaka 119 ni mingi mno kwa elementi iliyo ya tisa kwa wingi katika gamba la dunia.

Ugumu haukutokana na uhaba. Chuma nacho hutoka ardhini kikiwa kimeshikwa na oksijeni, lakini makaa ya mti hukinyang'anya oksijeni hiyo bila taabu kubwa. Wafua vyuma wa Wahaya huko Kagera walikuwa wakifanya hivyo katika tanuri zao miaka takriban 2,000 iliyopita. Mbinu hiyo ikijaribiwa kwa titani, kaboni ya makaa haiondoki na oksijeni ikaishia hapo. Yenyewe huingia ndani ya metali na kufanya kabidi, kitu kigumu kama jiwe la kunolea. Mfukuzaji hugeuka mvamizi.

Ikabidi kuzunguka. William Kroll, mwana wa Luxembourg, alihangaika na njia hiyo katika miaka ya 1930. Mchanga huchomwa pamoja na kaboni ndani ya gesi ya klorini, titani ikaiacha oksijeni na kushikana na klorini, ikawa kimiminiko kisicho na rangi ambacho hufuka moshi kikikutana na unyevu wa hewa na huchemka kwa nyuzi 136 za Selsiasi. Kimiminiko hicho kikishasafishwa, huingizwa taratibu kwenye magnesi iliyoyeyuka, ndani ya chombo kilichojazwa agoni, gesi isiyojihusisha na kitu chochote. Magnesi huichukua klorini. Kinachobaki kina matundumatundu, na mafundi hukiita kwa sura yake: sponji. Kroll alikimbilia Marekani mwaka 1940, Ulaya ikiwa vitani. Kufikia 1948 kampuni ya DuPont ilikuwa imeanza kuzalisha titani ya kuuza, na hadi leo sehemu kubwa kabisa ya titani duniani hupita njia ya Kroll.

Sponji huvunjwavunjwa, hushindiliwa, kisha huyeyushwa ndani ya ombwe, mara mbili au tatu. Hadhari yote hiyo ina sababu moja. Oksijeni ikiingia tena katika titani, kuyeyusha hakuitoi.

Hapo pana jambo linaloonekana kujipinga. Titani iliyokaa mezani katika hewa ya kawaida haishiki kutu, na hata ikizamishwa baharini kwa miaka hutoka ikiwa vilevile. Inalindwa na oksijeni hiyohiyo. Metali inapokatwa, uso wake mpya hujifunika papo hapo kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, utando usiopitisha maji wala chumvi na unaojiziba wenyewe ukikwaruzwa. Katika ubaridi, oksijeni ni ngozi. Joto likipanda kufikia nyuzi 550 hivi, ngozi hiyo huanza kupitisha, na atomu za oksijeni hupenya moja baada ya nyingine kuelekea ndani. Kipande cha titani kikipashwa moto mkali ndani ya ombwe, ambako hakuna hewa ya kutosha kuongeza kitu, utando wenyewe hutoweka: metali imeumeza.

Chuma huitema kutu yake kwa magamba hadi kinaisha. Titani huimeza yake na kuiweka ndani, bila povu wala doa, kama sukari inavyopotelea katika chai, na inaweza kumeza atomu moja ya oksijeni kwa kila atomu mbili za titani kabla haijageuka kuwa kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Kwa titani, nguo yenyewe ndiyo inayosubiri moto ili ianze kula.

Kinachotendeka humo ndani kinaweza kufananishwa na machungwa yaliyopangwa kwenye meza ya sokoni, safu juu ya safu, kila chungwa likikaa katika kibonde kilichoachwa na matatu ya chini yake. Chini ya nyuzi 882, atomu za titani safi hupangika kwa namna hiyo, na mpangilio huo huitwa alfa. Juu ya nyuzi hizo hujipanga upya katika michemraba yenye atomu moja katikati, nao huitwa beta. Muuza machungwa awe hodari vipi, nafasi kati ya chungwa na chungwa haziishi. Katika alfa, nafasi kubwa zaidi ni ile iliyozungukwa na atomu sita, na humo ndimo inamokaa oksijeni, ambayo atomu yake ni ndogo. Haimwinui yeyote kwenye kiti chake. Inajibana katikati ya waliokwisha kukaa, inazisukuma safu zitengane kidogo, na fuwele yote hurefuka kwenda juu kuliko inavyopanuka ubavuni. Nafasi za alfa zinaifaa oksijeni kuliko za beta. Kwa hiyo kadiri oksijeni inavyoongezeka ndivyo alfa inavyodumu hadi kwenye joto kubwa zaidi.

Kisha metali hupindwa. Mtu anayetaka kusogeza jamvi kubwa la msikitini hajichoshi kulivuta lote kwa mara moja. Hulikunja kidogo ukingoni, akausukuma mkunjo ule hadi upande wa pili, na jamvi linakuwa limesogea. Metali hupindika kwa njia hiyohiyo. Mikunjo midogo ya mpangilio wa atomu husafiri ndani ya fuwele, safu ikiteleza juu ya safu, na kwa kuwa husafiri kwa wepesi, metali hukubali umbo jipya badala ya kupasuka. Kinachouchelewesha mkunjo huiongezea metali nguvu. Kinachousimamisha kabisa huifanya metali ivunjike kama chungu.

Kwamba oksijeni kidogo huipa titani nguvu nyingi lilikuwa jambo la kawaida viwandani kwa miongo mingi, ila nguvu hiyo ilizidi ile ambayo atomu chache za kujibana zingetarajiwa kuleta. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao walichapisha katika jarida la Science uchunguzi walioufanya kwa darubini ya elektroni na kwa hesabu za kompyuta. Mkunjo unapofika kwenye atomu ya oksijeni, nafasi iliyokaliwa na atomu hiyo hubanwa hadi haikaliki. Oksijeni hupinga, na upinzani wake ni mkali sana ingawa haufiki mbali: mkunjo hauuhisi mpaka uwe umekaribia kabisa. Ukilazimisha kupita, oksijeni husukumwa kwenye kiti kingine kisichoifaa.

Na kiti hicho ndicho kinacholeta madhara. Mkunjo wa kwanza umepita kwa taabu, lakini wa pili na wa tatu hukuta oksijeni imekwisha kusogezwa, njia imelainika. Basi mikunjo haitawanyiki tena katika metali yote. Hufuatana kwenye safu zilezile chache kama ng'ombe wanaoelekea mtoni kwa ujia mmoja hadi ujia ukawa korongo, na katika korongo hilo ndipo ufa unapoanzia. Inagusa moyo kuona kwamba nguvu na wepesi wa kuvunjika, ambavyo katika majedwali ya wahandisi huandikwa katika safu mbili tofauti, vimetoka kwenye msukumano mmoja wa atomu moja.

Majedwali yenyewe yana takwimu zinazostahili kusomwa polepole. Titani isiyochanganywa na metali nyingine huuzwa kwa daraja nne. Daraja la kwanza huruhusiwa oksijeni isiyozidi asilimia 0.18, na nguvu yake ya kuvutwa hadi kukatika haipaswi kupungua megapaskali 240. La nne huruhusiwa hadi asilimia 0.40, na nguvu yake huanzia megapaskali 550. Chuma kidogo kilichomo nacho hutofautiana kati ya daraja hizo, lakini kazi kubwa ni ya oksijeni. Tofauti ya 0.18 na 0.40 ni gramu 2.2 katika kilo nzima, kiasi kisichojaza hata nusu ya kijiko cha chai kama kingekuwa chumvi, na gramu hizo zinaipandisha metali nguvu zaidi ya maradufu. Malipo huonekana upande wa pili: kipande cha daraja la kwanza hurefuka kwa asilimia 24 au zaidi kabla ya kukatika, cha daraja la nne huhitajika kufikia 15 tu.

Watengenezaji hawaiachi oksijeni hiyo ijiamulie. Baada ya klorini, magnesi, agoni na ombwe, baada ya gharama yote ya kuitenga titani na oksijeni, mtu hukaa mbele ya mizani akapima unga mweupe wa oksidi ya titani, ndugu wa ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta, na kuuchanganya na sponji kabla ya kuyeyusha. Oksijeni hurudishwa kwa gramu.

Aloi inayotumika kuliko zote ina asilimia 6 ya aluminiamu na 4 ya vanadi, metali ambayo pamoja na titani imo pia katika chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, Tanzania. Aluminiamu huivutia metali upande wa alfa, vanadi upande wa beta, na mafundi wa kufua huichezesha aloi kati ya hizo mbili wapate chembe nyembamba zilizosukana kama ukili. Oksijeni, ambayo haimo katika jina la aloi, huvuta upande wa aluminiamu, na huvuta kwa nguvu. Katika kanuni ya zamani ambayo wataalamu bado huitumia kukadiria hatari ya aloi kukakamaa, kila sehemu ya oksijeni huhesabiwa kama sehemu kumi za aluminiamu. Asilimia 0.20 ya oksijeni, basi, ni kama kuongeza asilimia 2 nzima za aluminiamu kwa siri. Hata tanuri huitambua: aloi ya kawaida, inayoruhusiwa oksijeni hadi 0.20, hugeuka kuwa beta tupu karibu na nyuzi 995. Toleo lake lenye oksijeni isiyozidi 0.13 hugeuka karibu na 975. Fundi asiyejua ni ipi iliyo mbele yake anaweza kuifua kwa joto lisiloifaa na kuziharibu chembe zake.

Toleo hilo la 0.13 ni dhaifu kidogo likivutwa. Hununuliwa kwa bei ya juu zaidi kwa sababu ufa unapoanza ndani yake hauendi haraka, na kwa sababu huuvumilia ubaridi mkali ambao huigeuza titani yenye oksijeni nyingi kuwa kama kigae. Aloi za titani za oksijeni ndogo zimetumika katika vyombo vya hidrojeni kimiminika, yenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Toleo hilo hutumika pia ndani ya mwili wa binadamu.

Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark, daktari na mtafiti wa Uswidi, alikuwa amepandikiza kifaa kidogo cha titani katika mfupa wa mguu wa sungura ili atazame mtiririko wa damu. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukakishika. Ilimchukua miaka ya kazi kabla ya 1965, alipompandikizia mgonjwa wa kwanza meno juu ya vishina vya titani. Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga waliokuwa hawajaiona metali ambayo mfupa huikubali kama sehemu yake. Na ni haki kuuliza mfupa unakubali nini hasa, kwa maana chembe hai za mfupa hazigusi titani hata siku moja. Zinagusa utando wa oksidi, zile nanomita chache. Nyuma ya utando huo, katika vishina vingi vya meno, kuna titani ya daraja la nne, iliyotiwa oksijeni kwa makusudi ili ihimili kutafuna kwa miaka. Mgonjwa anayeuma hindi la kuchoma kwa jino la namna hiyo anaitegemea oksijeni mara mbili: iliyo juu ya metali na iliyofichwa ndani yake.

Oksijeni isiyoalikwa ina tabia nyingine. Kipande cha titani kilichochomwa tanurini bila kinga hutoka na gamba gumu, lililolewa oksijeni, linaloitwa gamba la alfa. Kwa macho si rahisi kulitenga na metali iliyo chini yake. Likiachwa, ufa huanzia humo na kuteremka kwenye metali nzima, kwa hiyo viwanda vya ndege hulila kwa tindikali ya floridi iliyochanganywa na ya nitriki, kemikali za kuogofya, ili kuondoa unene ambao mara nyingi haufiki milimita moja.

Mchomeleaji wa titani yeye husoma rangi. Anapochomelea, hupuliza agoni mbele ya moto, nyuma yake, na hata upande wa chini wa bamba, kisha huendelea kukifunika kiungo kwa gesi hiyo hadi kipoe. Kiungo kikitoka na weupe wa fedha, agoni imetosha. Rangi ya nyasi kavu inasema kwamba hewa kidogo imegusa. Buluu na zambarau ni habari mbaya, ingawa ni nzuri mno kutazama. Kijivu chenye vumbi jeupe ni hukumu: kiungo hicho hukatwa na kazi huanza upya, kwa sababu hakuna moto wala nyundo itakayoitoa oksijeni iliyokwisha kuingia. Ndiyo maana kujenga meli nzima kwa metali hii kulionekana kama wazimu hadi Wasovieti walipofanya hivyo huko Severodvinsk, wakaishusha majini mwaka 1968 nyambizi ya K-222, yenye bodi ya titani, ambayo mwendo wake wa noti 44.7 chini ya maji ulikuwa rekodi.

Kosa dogo zaidi la aina hii lililojulikana kwa majonzi makubwa lilitokea mbali na mchomeleaji yeyote. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya United Airlines, safari namba 232, ilikuwa juu ya Iowa, Marekani, na watu 296 ndani, diski ya pangaboi la mbele la injini ya mkiani ilipopasuka vipande. Diski hiyo ilikuwa ya aloi ile ya aluminiamu na vanadi. Vipande vyake vilikata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, na marubani wakabaki na usukani usioongoza kitu. Nahodha Al Haynes na wenzake, wakisaidiwa na mkufunzi wa marubani Denny Fitch, aliyekuwa akisafiri kama abiria, waliielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki hadi uwanja wa Sioux City. Watu 112 walikufa. Wengine 184 walinusurika, idadi ambayo wajuzi wa urubani bado huitaja kwa heshima.

Vipande vikubwa vya diski vilipatikana miezi mitatu baadaye katika mashamba ya mahindi. Wachunguzi walifuata ufa hadi mwanzo wake, wakakuta tundu lisilofika milimita mbili. Mahali pale palikuwa na chembe ya alfa ngumu, iliyozaliwa bonge la metali lilipoyeyushwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chembe hiyo ilikuwa imejaa nitrojeni, jirani wa oksijeni katika hewa, anayekaa katika nafasi zilezile za fuwele na kuikakamaza titani vikali zaidi. Hewa kidogo ilikuwa imegusa metali ya moto, mahali fulani, kwa muda mfupi. Kila ndege iliporuka, ufa ulisogea kidogo, na diski ilikuwa imeruka na kutua zaidi ya mara 15,500. Baada ya hapo, kuyeyusha mara tatu kulikaziwa kuwa sharti la sehemu zinazozunguka ndani ya injini, na tanuri za kupitisha metali kwenye beseni baridi zikaenea, ambako chembe ngumu ama huzama ama hupewa muda wa kuyeyuka zikaisha.

Anayesoma ripoti ya ajali ile hawezi tena kuiona desimali ya pili kuwa kitu kidogo.

Siku hizi vita ya oksijeni imehamia kwenye unga. Mashine za kuchapa vitu kwa tabaka hutandaza unga wa titani na kuuyeyusha kwa leza au kwa miali ya elektroni, na unga una ngozi kubwa kuliko bonge: kila punje ina utando wake. Unga uliobaki hukusanywa ukatumika tena, na kila mzunguko huongeza oksijeni kidogo, hadi unavuka 0.13, kisha 0.20, na kuondolewa kazini. Mabaki ya kukereza yana shida hiyohiyo. Sehemu za ndege huchongwa kutoka kwenye mabonge makubwa, na sehemu kubwa ya bonge huishia sakafuni ikiwa nyuzinyuzi za metali zilizopata moto, mafuta na hewa. Dawa ya kawaida ni kuzichanganya na sponji mpya iliyo safi zaidi, yaani kuipunguza oksijeni kwa kuongeza titani, kama mpishi anavyookoa mchuzi uliozidi chumvi.

Wapo waliotaka kuubadili mwanzo wenyewe. Mwaka 2000, Derek Fray, Tom Farthing na George Chen wa Cambridge walionyesha katika jarida la Nature kwamba oksidi ya titani ikitumbukizwa katika kloridi ya kalsiamu iliyoyeyuka na kupitishiwa umeme, oksijeni huondoka bila kupitia klorini. Wengine wamechagua kuacha kupigana. Mwaka 2023, katika jarida hilohilo, Ma Qian wa Chuo Kikuu cha RMIT, Simon Ringer wa Sydney na wenzao walieleza aloi za titani zilizochapwa kwa tabaka, ambazo viungo vyake vikuu ni oksijeni na chuma, vitu viwili vinavyoogopwa katika mabaki. Oksijeni huishika alfa, chuma huishika beta, na mwali wa leza ukiongozwa vizuri hugawanya oksijeni ili isirundikane panapoleta ufa. Aloi hizo zilipata nguvu pamoja na kupindika. Inatia matumaini kuona oksijeni, kwa mara ya kwanza kwa ukubwa huo, ikiandikwa kama kiungo kilichoalikwa na kupangiwa mahali pa kukaa.

Kwa sasa, hata hivyo, kila bonge bado hupita kwenye kipimo. Kipande cha takriban sehemu moja ya kumi ya gramu hukatwa, husuguliwa kuondoa ngozi, huwekwa na nikeli katika kikombe cha grafiti, na kikombe huchomwa ndani ya heliamu hadi joto kubwa kupita lile la kuyeyusha titani. Humo kaboni, ile iliyoshindwa tangu mwanzo kuinyang'anya titani oksijeni bila kuiharibu, hatimaye huichukua, kwa kuwa kipande hicho hakihitajiki tena. Gesi hutoka, mwanga wa infraredi huipima, na nambari hujitokeza kwenye kioo. Ikisoma 0.12, bonge linaweza kwenda kuwa kishikizo cha nyonga ya mtu. Ikisoma 0.14, linawekwa upande wa pili wa ghala, linasubiri kazi nyingine.